Hesabu ya gari la shule: viti 28, watoto 36, na swali la nani analipa tofauti

Wanajamvi, salaam.

Kila shule zinapofunguliwa, Januari na Julai, mazungumzo ya wazazi katika jiji hili la Dar es Salaam huwa ni yale yale: ada ya gari imepanda tena. Mimi mwenyewe nimekuwa mlalamikaji hodari wa jambo hili kwa miaka minne, hadi mwaka jana nilipochaguliwa, bila kuomba, kuingia katika kamati ndogo ya wazazi iliyopewa kazi ya kupitia hesabu za usafiri wa shule wanakosoma watoto wangu wawili. Shule siitaji, wala haina umuhimu kuitaja, kwa kuwa ninaamini ukibadilisha rangi ya sare utakuta hesabu hizo hizo katika shule nyingi binafsi za hapa mjini. Nilitoka kwenye kamati ile nikiwa na jibu ambalo halikunifurahisha, na ndilo ninalolileta hapa ili mlipime.

Nianze na safari yenyewe. Tunaishi Goba, na shule iko upande wa Mbezi Beach. Ukipita barabara ya kwenda Tangi Bovu moja kwa moja, umbali hauzidi kilometa 10. Gari la shule, hata hivyo, haliji kumchukua mtoto wangu. Linakuja kuwachukua watoto wa njia nzima, kwa hiyo linaanzia Goba, linakwenda Madale, linashuka Wazo na Tegeta, linapita Kunduchi, ndipo linarudi Mbezi Beach. Binti yangu wa darasa la tatu ndiye wa kwanza kupanda. Gari linafika kwenye kona yetu saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, giza bado limetanda, na matroni anashuka na tochi ya simu mkononi na daftari kwapani. Usiku mtoto huyu analala amevaa soksi za shule, si kwa sababu ya baridi (Dar es Salaam baridi ya nini?), bali kwa sababu amegundua mwenyewe kwamba soksi zinamwokolea dakika mbili za usingizi. Anafika shuleni saa moja kasoro dakika tano. Hiyo ni saa moja na dakika arobaini na tano barabarani kwa umbali ambao bajaji ingeumaliza kwa chini ya nusu saa.

Kwa safari hiyo nilikuwa nikilipa shilingi 900,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, yaani shilingi 1,800,000 kwa wawili. Nilizoea kuigawa kwa siku 194 za masomo ili kujiumiza roho vizuri: shilingi 4,639 kwa siku, au takriban shilingi 2,320 kwa kwenda na kiasi hicho hicho kwa kurudi. Mtu mzima anayepanda daladala kwa umbali usiozidi kilometa 10 alikuwa akilipa shilingi 600 baada ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kutangaza nauli mpya mwishoni mwa mwaka 2023. Hivyo nilikuwa naingia kwenye kila kikao cha wazazi nikiwa na sentensi moja tayari mdomoni: mtoto wangu analipa karibu mara nne ya nauli ya mtu mzima na bado kuna watoto wanaokaa kwenye stuli za plastiki.

Kuhusu stuli nieleze, maana wengine hamjawahi kuingia ndani ya magari haya mnayoyaona ya njano barabarani. Coaster yetu ilikuwa na viti 28 vya watoto baada ya kutoa cha dereva na cha matroni. Watoto walioandikishwa kwenye njia ile walikuwa 36. Wanane waliozidi walikaa kwenye vile vistuli vya plastiki vinavyouzwa kando ya barabara, vikiwa vimepangwa kwenye njia ya katikati, na matroni alikuwa na utaratibu wake wa kuviingiza chini ya viti gari lilipokaribia maeneo ambayo askari wa usalama barabarani hupenda kusimama. Binti yangu alikaa kitini kwa kuwa alikuwa wa kwanza kupanda. Mtoto wa jirani yetu, anayepanda kituo cha nne akiwa amechelewa kila siku, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa stuli, na watoto walikuwa wameshampa jina la utani la konda.

Sasa njooni kwenye daftari la hesabu. Mhasibu wa shule hakutuficha kitu, nami nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukuta wizi.

Gari lile lilitembea kilometa 90 hivi kwa siku, ukijumlisha safari za kwenda tupu, na lilikunywa lita 15 za dizeli. Kwa bei ya wakati ule ya takriban shilingi 2,800 kwa lita, dizeli peke yake ilikuwa shilingi 42,000 kwa siku, sawa na shilingi milioni 8 na laki moja na nusu kwa mwaka wa masomo. Dereva alilipwa shilingi 450,000 kwa mwezi, miezi kumi na miwili, kwa sababu dereva anakula hata Juni na Desemba. Matroni alilipwa shilingi 250,000. Ukiongeza asilimia 10 ya mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, watu hao wawili waligharimu shilingi milioni 9 na laki mbili na nusu. Bima, ukaguzi na leseni ya LATRA vilikuwa milioni 2. Matairi, breki, springi na fundi vilikuwa milioni 4 na nusu, na hapo ningependa kila mzazi wa Goba na Madale aitafakari barabara anayoishi kabla hajaguna. Jumla inakaribia shilingi milioni 24.

Watoto 36 wakilipa 900,000 kila mmoja wanaleta milioni 32 na laki nne. Nilipoona pengo la milioni 8 na nusu nilitabasamu. Nilikuwa nimempata mwizi. Ndipo mhasibu, mama mmoja mtaratibu sana, akageuza ukurasa na kuniuliza swali moja: gari likifa, tutanunua lingine kwa fedha gani? Coaster ile iliyotumika ilinunuliwa kwa takriban shilingi milioni 70 hadi kusajiliwa, na shule ilipanga iitumikie miaka minane. Hiyo ni karibu milioni 8 na laki saba na nusu kila mwaka inayopaswa kuwekwa kando. Ukiijumlisha, gari linagharimu milioni 32 na laki sita. Lilikuwa linaendeshwa kwa hasara ya laki mbili na ushee.

Nikakaa kimya. Halafu nikafanya hesabu ambayo hakuna aliyekuwa ameniomba niifanye: nikagawa gharama ile kwa watoto 28, yaani idadi ya viti. Jibu lilikuwa shilingi 1,165,000 na kitu kwa kila mtoto.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ada ya gari tunayoilalamikia ni ndogo kuliko gharama ya gari tunalolidai. Sisi wazazi tunataka gari lenye viti vya kutosha, breki nzima, dereva asiyesinzia na matroni mwenye akili, na wakati huo huo tunataka bei ambayo haiwezekani mpaka watoto wanane waongezwe kwenye njia ya katikati. Mimi nilikuwa nimezoea kumwona mtoto wa stuli kama tamaa ya mwenye shule. Kwenye daftari lile alikuwa ni punguzo langu mimi: shilingi 265,000 kwa kila mtoto wangu, shilingi 530,000 kwa wawili, kila mwaka, kwa miaka minne niliyokuwa nikisimama kwenye vikao kulalamika.

Na hatuwezi kusema hatujui magari haya yanabeba nini. Mei 6, 2017, pale Rhotia wilayani Karatu, basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa ujirani mwema lilitumbukia korongoni, wakafa watu 35, karibu wote watoto. Julai 2022 ilikuwa zamu ya Mtwara, Hiace ya shule ikiwa na watoto asubuhi. Aprili 2024 gari la shule likasombwa na mafuriko Arusha. Kila mara baada ya msiba magari hukaguliwa wiki mbili tatu, mengine yanazuiwa, halafu utulivu unarudi. Sisemi ajali hizi zilisababishwa na ada ndogo. Kila moja ilikuwa na sababu yake. Ninachosema ni kwamba breki, matairi na uamuzi wa dereva wa kuvuka au kutovuka maji ni vitu vyenye bei, na bei hiyo inakaa ndani ya namba ile ile tunayoikataa kikaoni.

Kosa la shule nalo lipo, nalo si dogo. Kwanza, ada inapandishwa kwa tangazo la mistari miwili lililobandikwa chini ya fomu ya ada, likitaja kupanda kwa bei ya mafuta. Sote tunajua kuwa EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sote tunakumbuka jinsi petroli na dizeli zilivyopita shilingi 3,000 mwaka 2022. Bei zikipanda, ada inapanda. Bei zikishuka, sijawahi kuona tangazo la mistari miwili. Pili, shule inagawa ada kwa kanda, kana kwamba mtoto wa mbali ananufaika zaidi, wakati mtoto wa mbali ndiye anayeamka saa kumi usiku. Tatu, mzazi haonyeshwi kamwe njia ya gari wala idadi ya watoto waliomo. Tunauziwa kitu bila kuelezwa ni kitu gani.

Kikao kilipokaa, shule ilileta mezani njia mbili: shilingi 1,150,000 kwa watoto 28, au shilingi 900,000 kama zamani kwa watoto 36. Mwenyekiti akaomba mikono. Kwa njia ya kwanza ilinyooshwa mikono michache sana. Kwa njia ya pili ilinyooshwa mingi, mingine ikiwa nusu, kiwiko kikiwa bado mezani. Mimi niliyekuwa nimeifanya hesabu kwa mkono wangu sikunyoosha mara ya kwanza wala ya pili.

Naomba kuwasilisha.

#2

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri, lakini umeanza hadithi katikati. Goba kuna shule za msingi za serikali, na hazina ada. Mtoto angetembea robo saa na angelala mpaka saa kumi na mbili na nusu. Usafiri umeununua wewe mwenyewe siku uliyochagua shule iliyoko jimbo jingine kwa ajili ya Kiingereza. Nasema hivi bila ubaya, maana na mimi nimechagua hivyo hivyo.

#3

Wakuu, mimi nilikuwa kondakta njia ya Gongo la Mboto kwa miaka tisa na sasa ni dereva, kwa hiyo niruhusuni niongelee upande ambao mleta uzi ameugusa kwa mstari mmoja tu, ule wa nauli ya daladala.

Mwanafunzi analipa shilingi 200. Nauli ya mtu mzima imepanda kutoka 400 kwenda 500 na kutoka 500 kwenda 600, ya mwanafunzi imebaki pale pale, na mimi sina ugomvi na hilo kwa sababu nina watoto wanaopanda kwa hiyo hiyo 200. Swali langu ni lile lile lililo kwenye kichwa cha uzi: nani analipa tofauti? Mwenye gari hapunguzi hesabu. Jioni tajiri anataka fedha yake kamili, uwe umebeba wanafunzi watano au hamsini. Nikipakia wanafunzi kumi kwenye tripu ya asubuhi, shilingi 4,000 zimetoka kwenye posho yangu na ya kondakta wangu, na asubuhi nina tripu mbili tu za maana kabla abiria hawajapungua. Ndiyo maana mnasikia kondakta anasema "wawili tu" na kuuziba mlango kwa mkono. Mnamwita katili, na wakati mwingine ni kweli anakuwa katili, nimewaona wanaowasukuma watoto na sitawatetea. Lakini serikali imetoa msamaha wa nauli kwa kutumia mfuko wa kijana ambaye hana mkataba wa ajira.

Wangeweza kutupunguzia kitu kwenye ada ya leseni kwa gari linaloonekana linabeba wanafunzi, au wakatenga magari machache ya wanafunzi watupu asubuhi kwenye njia kubwa kama Mbagala, Kimara na huku kwetu, yakilipiwa na halmashauri. Bila hivyo mtaendelea kuwaona watoto wa sekondari wamejaa kituoni saa mbili kasoro, kengele imeshalia shuleni kwao.

#4

Naomba na sisi ambao laki tisa hatuna tusikike. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitafunwa, na watoto wangu wanasoma shule binafsi ndogo ya ada nafuu isiyo na gari. Nina bodaboda wa mkataba ninayemlipa kwa wiki. Anawabeba wote watatu kwa pamoja: mdogo mbele kwenye tangi, wawili nyuma, mabegi kwenye usukani. Najua hiyo inaitwa mishikaki, najua hairuhusiwi, na kila siku ninapowapandisha nasoma dua mpaka anaponipigia simu kwamba wamefika.

Kabla yake tulikuwa na Noah ya mtaani, wazazi tisa tulichanga. Ilikuwa na namba za njano, ya mtu binafsi, haikuwa na leseni ya biashara. Siku ilipokamatwa, watoto kumi na wanne walishushwa kando ya barabara na mimi nilitafutwa kwa simu nikiwa jikoni na mafuta yakiwa motoni. Bodaboda hata hivyo hakamatwi, kwa sababu anapita vichochoroni. Sijui kama hilo ni jambo la kushukuru.

Kijana mwenyewe si mbaya. Mwanangu mdogo akisinzia kwenye tangi, anamshika kifuani kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mkono mwingine. Nilimwona siku moja kwa mbali, nikakosa la kusema, maana sikujua nimkemee au nimshukuru.

#5

Nimefurahi kusoma, ingawa huku niliko uzi huu unasomeka kama habari za nchi nyingine. Ninafundisha sekondari ya kata wilayani Kilindi, mkoani Tanga. Shule hizi zilijengwa kwa nguvu za wananchi ili kila kata iwe na yake, na kweli ziliwaokoa watoto wengi, lakini kata ya mjini unaivuka kwa dakika kumi na kata ya huku ni vijiji vinne vyenye mapori katikati. Nina wanafunzi wanaotembea kilometa 8 kwenda na 8 kurudi. Daladala hakuna. Gari linalopita ni la mnada, siku ya mnada.

Elimu ni bure mpaka kidato cha sita sasa, na hilo ni jambo kubwa, ila ubure huo unaanzia kwenye geti la shule. Njia ya kufika getini mzazi anaigharamia kwa kitu kingine. Wenye uwezo kidogo wananunua baiskeli, ambayo mvua za masika zinaigeuza mzigo wa kubeba begani. Wengine wanawapangia watoto chumba karibu na shule, hayo mnayoyasikia yakiitwa mageto: wasichana watatu wa kidato cha pili, godoro moja, jiko la mkaa, mama yuko kilometa 12 kutoka hapo. Chumba ni nafuu kuliko nauli. Kisha anatokea mwenye pikipiki anayetoa lifti bila kudai fedha, na walimu tunajua lifti hiyo inadai nini baadaye. Tulipopata hosteli ya wasichana, japo ya vitanda vichache, mahudhurio ya wale waliopata nafasi yalibadilika ndani ya muhula mmoja, na wao wenyewe wakabadilika nyuso. Mwanafunzi aliyelala haulizi maswali kwa sauti ile ya kuchoka.

Kwa hiyo mnapogawana gharama ya gari huko mjini, mkumbuke kuwa huku gharama hiyo inalipwa kwa miguu, na mtoto ndiye anayelipa peke yake.

#6

Mleta mada, mimi ni mkaguzi wa hesabu na nina mashaka mawili na daftari lako.

Kwanza, uchakavu. Shule nyingi huendesha Coaster mpaka mwaka wa kumi na mbili, na hiyo milioni 8 na laki saba na nusu inayowekwa kando kila mwaka mara nyingi iko kwenye karatasi tu. Fedha yenyewe imeshaezeka bweni au imelipa mishahara ya Desemba. Muulize mhasibu wenu aonyeshe akaunti ambamo imelala. Kama haipo, basi wazazi wameshalipia gari jipya na gari jipya halitakuja.

Pili, na hili nashangaa kamati hamkuliona: Jumamosi na Jumapili gari hilo linakuwa wapi? Kila wiki ninakutana na magari ya njano yamepeleka watu harusini Kigamboni au msibani Kibaha, na likizo ya Juni ndiyo kabisa. Gari linakodishwa. Fedha hiyo inaingia kwenye mapato ya usafiri, au kwenye mfuko mwingine? Matairi yanayoisha ni yale yale tunayoyalipia sisi.

#7 (mleta mada)

Nawashukuru wote, na nianze na wa mwisho kwa sababu amenivua nguo hadharani. Nilirudi kwa mhasibu na maswali yale mawili. Akaunti ya kununulia gari haikuwepo. Kukodishwa kulikuwepo: mara moja au mbili kwa wiki, zaidi wakati wa likizo, na mapato yake yalikuwa yakiandikwa kwenye ukurasa wa mapato mengineyo pamoja na mauzo ya sare na masweta. Yule mama hakuona aibu wala hakukasirika. Alisema hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Kwa hiyo nasahihisha maneno yangu: hasara ya laki mbili niliyoiandika haikuwa hasara, ingawa hata ukiingiza mapato ya kukodisha, viti 28 kwa laki tisa bado havitoshi.

Kwa ndugu wa pili sina la kubisha. Niliwahi kwenda kuitazama shule ya jirani, nikakuta mikondo imejaa, nikarudi nyumbani nikiwa na uamuzi ambao nilikuwa nimekwenda nao. Kwa ndugu dereva, pendekezo lako la magari ya wanafunzi watupu kwenye njia kubwa ndilo lenye uzito kuliko yote humu, kwa kuwa linawahusu watoto wengi kuliko magari yote ya njano yakijumlishwa. Kwa mwalimu wa Kilindi, nimelisoma bandiko lako mara mbili na sitalijibu kwa maneno ya haraka.

Nimalizie kilichotokea, maana nimeulizwa pembeni na watu kadhaa. Kikao cha pili kilikaa baada ya wiki tatu. Mapato ya kukodisha yalihamishiwa kwenye akaunti ya usafiri, nayo ikafunguliwa kwa sahihi tatu, moja ikiwa ya mzazi. Ada ikawa shilingi 1,000,000, watoto 32, wale wa darasa la awali wakikaa watatu kwenye kiti cha wawili. Stuli zilitolewa, nimeziona zimepangwa jikoni kwa wapishi. Jambo lililopita bila ubishi wowote ni lile lisilogharimu hata shilingi: jioni gari sasa linazunguka kinyume na zamani, linaanza kushusha Goba, kwa hiyo aliyepanda wa kwanza asubuhi anashuka wa kwanza. Miaka minne hakuna aliyelifikiria. Binti yangu anafika nyumbani saa kumi badala ya saa kumi na moja na nusu, na siku ya kwanza alikuta mlango umefungwa kwa sababu hatukumtarajia.

Watoto wanne walitoka kwenye gari. Mmoja ni yule wa jirani, aliyekuwa akiitwa konda. Wazazi wake walikaa na hesabu zao na laki moja ya nyongeza haikupatikana. Sasa anakwenda na bodaboda, pamoja na mtoto mwingine wa mtaa wa nyuma. Wanapita mbele ya geti letu saa kumi na mbili na robo, yeye akiwa mbele kwenye tangi, begi limegeuzwa kifuani. Juzi nilikutana na mama yake dukani, nikajikuta naanza kujieleza kuhusu kura na kamati. Akanikatisha kwa upole, akasema kuna jambo moja analolishukuru: mwanawe siku hizi anaamka kumekucha.